Mume wa Kliniki

Mimi nasahau sura. Majina ndiyo usiseme, nayasahau hata mwenyewe hajafika nyumbani. Lakini kidole nilichokichoma sikisahau. Mimi ni nesi wa kliniki ya wajawazito, na miaka yote kazi yangu imekuwa kushika vidole vya watu, kuvipangusa kwa spiriti, kuvichoma na kukamua tone la damu la kipimo. Kidole cha mkulima wa tumbaku kina gundi nyeusi isiyotoka kwa sabuni. Cha fundi cherehani kina matundu yake tayari, unatafuta pa kuingilia. Nasema hivi mapema ili ijulikane kwamba habari hii iligunduliwa na kidole. Akili zangu wakati ule zilikuwa zimelewa sifa.

Zahanati yetu iko upande wa Itetemia, pembeni ya mji wa Tabora, ambako nyumba za bati jipya zimechomoza katikati ya mashamba ya mahindi na karanga. Agizo tulilokuwa nalo ni kwamba mama mjamzito akija kliniki mara ya kwanza aje na mwenza wake, wapimwe wote wawili, virusi vya ukimwi na kaswende. Agizo zuri, sina ugomvi nalo. Sisi tukaliongezea chumvi. Aliyekuja na mume anahudumiwa kwanza, hata kama amefika jua limeshapanda na wenzake wako kwenye benchi tangu alfajiri. Asiye na mume anarudishwa kwa mwenyekiti wa mtaa akalete barua ya kueleza mume yuko wapi. Na mwenyekiti wetu kumpata ni shughuli. Leo yuko msibani, kesho yuko shambani, keshokutwa yupo lakini muhuri hana.

Basi waume wakaja. Walikuja mpaka tukaongeza benchi. Kila mwisho wa mwezi tunajumlisha vitabu vya MTUHA, vile vitabu vikubwa vya taarifa ambavyo zahanati zote nchini zinavyo, hesabu inaingizwa kwenye kishikwambi na kwenda halmashauri, mkoani, mpaka wizarani. Wajawazito waliopimwa kaswende, waliokutwa nayo, waliotibiwa. Wenza waliopimwa, waliokutwa nayo, waliotibiwa. Kwenye wenza waliopimwa tukawa hatushikiki. Mkoani wakatusifu mbele ya watu na kutupa cheti, nami nikakitundika juu ya friji la chanjo ili kila anayepita akione. Kwenye kundi letu la WhatsApp nikawa nawachokoza wenzangu wa zahanati nyingine, nawauliza waume wa kwao wamewaficha wapi.

Ndizo siku alizokuja fundi cherehani mmoja.

Alikuwa mwembamba, gauni la kitenge alilolishona mwenyewe, kola imekaa vizuri kweli. Ameongozana na mwanaume aliyevaa shati la kanisani lililofungwa vifungo mpaka shingoni, amekaa wima kama anapigwa picha. Nikawapitisha mbele ya benchi zima. Nikasema kwa sauti, "Muwaone wanaume wanaojua majukumu," na wale wa benchi wakanitazama kwa macho ambayo siku hiyo sikuyaelewa.

Ndani, mwanaume nikamwambia asubiri kwanza nje ya pazia. Nikaanza kumwuliza mama habari za uzazi. Mimba ya pili, akasema.

"Wa kwanza yuko wapi?"

"Alizaliwa amekufa, sista. Mimba ilikuwa kubwa, bado kidogo tu."

"Walikwambia ni nini?"

"Nilijifungulia kijijini, huko Sikonge. Walisema ni mama mkwe."

Nikasonya. Hilo ni jambo ambalo hata mbele ya mgonjwa siwezi kulizuia. Mtoto akifa tumboni anatafutwa bibi kizee wa kubebeshwa, na bibi kizee huwa hakosekani. Akaniambia mama mkwe wake ni mjane, macho yameanza kuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, basi watu wakaona wamepata ushahidi. Mumewe hakumpiga wala hakumtukana mama yake. Alihama tu, akamleta mkewe mjini, na tangu siku hiyo hajamwamkia mzazi wake. Akienda huko wakakutana njiani, anapita pembeni na baiskeli yake. Nikageuka kulitazama pazia, nikimfikiria yule bwana wa vifungo, nikasema moyoni kumbe na wewe ni mjinga vilevile.

Nikampima mama. Nikampima na mwanaume. Kidole chake cha pete kilikuwa na ukucha uliopasuka katikati ukapona vibaya, kama vipande viwili vilivyoungwa, kwa hiyo nikachoma cha kati. Nikawauliza kama majibu wanapokea pamoja.

"Kila mtu lake," wakasema kwa mpigo mmoja. Nikaona ajabu, lakini ni haki yao.

Mama alikuwa na kaswende. Nilipomwambia, alichouliza kwanza ni jina lake. "Sista, hayo unayoandika yanakwenda wapi? Nasikia yanasomwa Dodoma." Nikamwambia jina lake linabaki hapa, kwenye kabati lenye kufuli. Kinachokwenda juu ni kijistari kimoja, mjamzito mmoja amekutwa nayo, mjamzito mmoja ametibiwa. Nikamchorea kwa penseli aone. Akakitazama kile kijistari muda mrefu, halafu akashusha pumzi na kuuliza la mtoto.

Huwa sizungushi maneno. Nikamwambia kaswende inapita kwenye kondo la nyuma, inaua mtoto tumboni au anazaliwa mgonjwa, na mama mwenyewe anaweza asihisi kitu. Inawezekana ndiyo iliyomwondoa yule wa kwanza. Siwezi kumwapia, lakini inawezekana sana. Huyu wa sasa tumemwahi. Dawa ni sindano ya matako, inauma kwelikweli, na ukimaliza dozi mtoto anapona humohumo tumboni. Sharti ni moja: mume naye awe salama, maana akiwa nayo atakurudishia na tutakuwa tumetwanga maji kwenye kinu.

"Bahati yako mumeo hana," nikaropoka.

Akacheka. Kicheko kifupi, mahali pasipo na kicheko. Nami nikadhani ni furaha.

Nilitaka nimchome na bwana kwa usalama tu. Akasema anakuja, anaangalia kwanza pikipiki yake kule nje isichezewe. Akala kona, sikumwona tena. Mama alirudi peke yake kila wiki mpaka dozi ikaisha, hakukosa hata mara moja, anauma kanga meno yakimkazana na halafu anasema asante. Nikampenda. Nikawa nalisubiri tumbo lile kama la binti yangu.

Mwezi ulipokwisha tukapeleka taarifa. Baada ya siku chache nikapigiwa simu na kijana wa takwimu wa halmashauri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Safari hii mnatupa zawadi gani?"

"Mama, nina swali. Hapa kwenu naona wake wamekutwa na kaswende, mwezi huu na mwezi uliopita. Waume wamepimwa wengi kuliko zahanati zote, hakuna hata mmoja aliyekutwa nayo. Sasa hawa mama zetu wameipata wapi, sokoni kwenye mchicha?"

Mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia yeye akae na kompyuta yake, sisi tunakaa na watu. Wanaume wa Itetemia ni wasafi, kama kwao hawako hivyo asituonee wivu. Wala hakukasirika. Akasema, "Sawa mama. Lakini hao watu waangalie vizuri." Akakata. Siku nzima nikawa nimenuna, na nikinuna zahanati yote inajua, mpaka mfagiaji anapitia mlango wa nyuma.

Lakini neno lilikuwa limeshaniingia. Ni kweli, nilikuwa nahesabu waume, siwatazami.

Haikupita wiki. Akaja mama mmoja wa Kiislamu, baibui safi, na mumewe kavaa barakashia na kanzu fupi, anavuta shanga za tasbihi. Ananisalimia kwa Kiarabu cha sokoni. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Kiislamu wa mjini Tabora, nikafurahi, nikamwitikia. Nikavuta mkono wake nimchome. Kidole cha pete, ukucha umepasuka katikati, vipande viwili vilivyoungwa.

Nikakishikilia. Nikakigeuza huku na huku.

"Baba," nikamwambia, "yule mkeo fundi cherehani hajambo?"

Mwenye baibui akatazama dari. Mwanaume akajifanya hamnazo, akauliza fundi yupi. Nikamwambia sikiachii kidole mpaka nijue ni cha mume wa nani. Akaona hapa hapatokeki, akavua barakashia, akaiweka mapajani.

"Mama, tuongee kiutu uzima. Mimi ni bodaboda, wa kile kijiwe pale njia panda."

"Na hawa wake?"

"Wateja. Nawasaidia. Mabwana zao wako mbali. Mmoja yuko Kaliua kwenye tumbaku, mwingine yuko Sikonge porini kwenye mizinga ya nyuki, mwingine mimi sijui alipo wala mkewe hajui. Nyie mnataka mume. Bila mume mama anakaa benchi mpaka mguu unavimba. Sasa mume atatoka wapi? Ananiambia, kaka, nipeleke kliniki, na ukifika usiondoke. Napata nauli yangu, basi. Sijawahi kumgusa mke wa mtu."

"Peke yako?"

"Pale kijiweni tuko kadhaa," akasema kwa unyenyekevu. "Ila mimi ndiye naaminika."

Ningeweza kumchapa kofi. Ningeweza pia kucheka, maana kile cheti cha mkoa kilikuwa kinanitazama juu ya friji, na mume niliyesifiwa naye alikuwa huyu mmoja na kofia zake. Lakini kabla sijachagua nikamkumbuka yule fundi cherehani. Mumewe halisi hajapimwa. Mumewe halisi huenda ndiye mwenye kaswende. Nimemtibu mwanamke, nimemwahidi mtoto, na aliyemwambukiza yuko mahali ananing'iniza mizinga, na siku yoyote atarudi nyumbani kwake kama mume yeyote anavyorudi.

"Yule wa cherehani, bwana wake yuko wapi?"

"Ndiye huyo wa Sikonge. Lakini mama, asali imeshaanza kuingia mjini. Wanarudi hao."

Nikachukua namba ya simu ya fundi cherehani, ile aliyoniandikisha siku ya kwanza. Nikapiga pale pale. Simu ikaita mfukoni mwa bodaboda. Hata namba mama yule alikuwa ameandikisha ya bodaboda, ili kliniki isije ikampigia yeye mbele ya mume au jirani.

Nikamwomba mwenzangu aendelee na benchi. Yule mama wa baibui nikamwambia apimwe peke yake, leo hatafutiwi mume wala barua. Nikajifunga ushungi vizuri nikapanda pikipiki. Njia nzima nilikuwa namgombeza bodaboda mgongoni, na yeye anaitikia "ndiyo mama, ndiyo mama," anakwepa mashimo. Moyoni nilikuwa na hofu tu. Mwanamke yule alishazika mtoto mmoja. Nilikuwa simwoni akizika wa pili kwa sababu ya benchi letu.

Tulipofika kwa fundi cherehani niliona baiskeli imeegemezwa ukutani na madumu ya asali yamepangwa barazani. Amesharudi.

Mwanaume alikuwa amekaa kwenye kigoda, mrefu, mkimya, mikono ina alama za kuumwa na nyuki. Akasimama. Akaniambia shikamoo, akanitolea kigoda kile kile, akaniletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati. Kwao huko mgeni haulizwi lililomleta kabla hajakaa. Halafu akamtazama bodaboda, ambaye alikuwa bado yuko juu ya pikipiki.

"Wewe mama ni mgeni, kaa," akasema. "Huyu asishuke."

Bodaboda hakushuka.

Mkewe akatokea mlangoni, macho yamevimba kwa kulia. Nikaomba kuongea naye ndani mambo ya kike. Tulipofika chumbani akanieleza kwa kunong'ona. Mumewe alikuwa amefika jana jioni. Kabla hajafika nyumbani alipita dukani kununua sukari, na mwenye duka, ambaye mkewe alikuwa kwenye lile benchi letu, akampa mkono: hongera baba, nasikia mlikwenda kliniki pamoja, wanaume kama nyie ni wachache. Yeye alikuwa porini miezi yote. Akaingia na sukari yake, akauliza ni mwanaume gani. Mkewe akashindwa kusema, maana akianza kusema habari ya mume wa kliniki itabidi aseme na ya kliniki yenyewe, na sindano.

"Sasa sikiliza, mwanangu," nikamwambia. "Nikuulize swali la kinesi. Jana mlilala pamoja?"

"Tulilala wapi, sista. Alilala ukumbini na madumu yake. Hajanigusa hata mkono."

Nilikaa kwenye kitanda chao bila kukaribishwa. Nikamshukuru Mungu kwa ugomvi ule, na kwa mwenye duka na umbea wake wote. Mtoto alikuwa amelindwa na hasira za baba yake. Nikacheka mpaka nikashika mbavu, na yule mwanamke ananitazama kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia mimba yako ni nzima mpaka dakika hii, tuliza roho.

Nikatoka barazani. Ya chumba cha vipimo siyasemi nje, hata uniwekee panga, lakini la bodaboda halikuwa siri ya mgonjwa bali aibu yetu ya zahanati. Nikamwambia yule bwana, "Baba, huyu si hawara wa mkeo. Huyu ni mume wa kliniki. Katika kata hii ana wake wengi mpaka mwenyewe hawajui, Waislamu kwa Wakristo." Nikamweleza habari ya benchi na barua. Bodaboda kutoka juu ya pikipiki akaitoa barakashia mfukoni akainyoosha aonekane mkweli, na kwenye mfuko wa pili akatoa tai.

Mwanaume akaichukua ile tai, akaitazama. Akasema jambo kwa Kinyamwezi ambalo sitaliandika. Halafu nikaona mabega yanatikisika, anacheka kwa pua, hataki kuonekana.

"Na wewe mama ndiye uliyemkataa mke wangu bila mume?"

"Ndimi."

"Basi na wewe una kesi."

"Nitaijibu. Lakini kwanza nahitaji kidole chako, leo hii."

Alishusha kilichobaki kwenye keria ya baiskeli, akakunja gunia akalifanya kiti, akampakia mkewe. Sisi tukatangulia na pikipiki polepole. Kila nikigeuka nawaona nyuma, mwanamke amemshika mumewe kiunoni kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine.

Safari hii nilipouliza kuhusu majibu, mwanamke ndiye aliyejibu. "Pamoja," akasema. Kidole cha mumewe kilikuwa kigumu, nikachoma mara mbili. Kipimo kikasema anayo kaswende, nikawaambia. Kabla sijaendelea mkewe akamgeukia. "Na mimi ninayo. Nimeshachomwa sindano zote. Nilikuogopa."

Nilimjua mwanaume wa kusimama na kupiga meza, nilishawaona wengi, wa kuuliza nani kamletea nani. Huyu naye akauliza. Nikamwambia kipimo hakisemi nani alianza, kinasema wote mnatibiwa leo. Akawa anakitazama kidole chake kilichofungwa pamba.

"Na yule mtoto wetu wa kwanza?"

Nikamwambia nilichomwambia mkewe. Siwezi kuapa, lakini inawezekana sana.

"Kwa hiyo mama yangu hakufanya kitu."

"Mama yako hakufanya kitu, baba. Hilo naapa."

Akainamisha kichwa akalia. Mwanaume anayeingiza mkono kwenye mzinga wenye nyuki alilia kwa sauti kwenye chumba changu, mpaka watu wa benchi wakamsikia. Mkewe akamshika shingoni. Mimi nikajifanya natafuta dawa kwenye kabati, machozi yananitoka, nazungusha funguo tu. Kisha nikamchoma sindano yake, na mkewe nikamrudia kwa usalama. Mwanaume alipiga ukelele kuliko mkewe. Hapo tukacheka wote watatu.

Baada ya hapo tulifuta habari ya barua. Mama akija na mume, karibu. Akija peke yake, karibu, anahudumiwa kwa zamu yake, na anapewa kadi ya kumwalika mume atakaporudi kutoka Kaliua au Sikonge au popote anakotafuta. Bodaboda na wenzake wa kijiweni ndio wanaozisambaza hizo kadi siku hizi, maana wanazijua nyumba zote, wameshaoa humo. Kwenye wenza waliopimwa tuliporomoka mpaka tukawa wa mwisho. Cheti nikakishusha, nikakitumia kuzibia dirisha la stoo. Yule kijana wa takwimu akanipigia tena.

"Mama, waume zenu wamekuwa wachache, na walioko wameanza kukutwa na kaswende. Wameugua ghafla?"

"Hawajaugua," nikamwambia. "Wamefika."

Nikamwomba radhi kwa maneno ya siku ile. Akasema alishazoea, manesi wote wanamfokea.

Kwa kuwa yule fundi cherehani alishapoteza mtoto, sikutaka ajifungulie kwetu. Nikampa rufaa kwenda hospitali kubwa mjini. Siku uchungu ulipomshika nilikuwa zamu, kazi haikai mikononi, nikavunja chupa ya spiriti. Nilipotoka nikaenda moja kwa moja wodini. Sikuhitaji kuuliza kitu, nilimsikia tangu kwenye korido. Mtoto wa kike, mapafu kama ya muuza samaki. Amepimwa, hana kitu. Mama yake amelala amechoka, anatabasamu amefumba macho. Nilimshika yule mtoto nikashindwa kumrudisha, mpaka nesi wa pale akaniuliza mimi ni nani kwao. Nikamwambia ni shangazi.

Kesho yake nilirudi na supu. Baba mtoto alikuwa nje ya wodi, kwenye ukingo wa saruji, amekaa vibaya kama anayengoja hukumu. Mkewe alikuwa amempigia simu mama mkwe bila kumwuliza mtu. Akamwambia njoo umwone mjukuu wako, nauli ya basi nimekutumia. Tangu siku ile ya kipimo mwanaume alikuwa akisema atakwenda Sikonge kumwangukia mama yake, na kila wiki alikuwa na mzinga wa kurekebisha. Alikuwa na aibu, asingekwenda mpaka leo.

Pikipiki ikaingia getini. Dereva alikuwa mume wetu wa kliniki, amempokea bibi stendi, na nyuma yake mama mwembamba amekaa upande, kanga mbili, kuku amefungwa miguu mkononi. Akashuka kwa shida. Mwanawe akasimama, akaenda mpaka mbele yake, na yule mwanaume mrefu akapiga magoti kwenye changarawe mbele ya watu wote waliokuja kuona wagonjwa.

"Shikamoo mama," akasema.

Bibi hakuitikia. Alimtazama utosini, kwa macho yale mekundu ya moshi, muda wa kutosha mimi kuanza kuogopa. Miaka yote ile alikuwa akipitwa na baiskeli. Fundi cherehani alikuwa amejikongoja mpaka mlangoni na mtoto kifuani, mtoto analia bila kupumzika. Bibi akainua uso akasikiliza kile kilio, akakisikiliza vizuri. Kisha akamkabidhi mwanawe yule kuku.

"Marahaba," akasema. "Inuka, mtoto ana njaa. Mkeo amekunywa uji?"